Msiitoe kwa Jiwe

Susu yangu, yaani nyanya yangu mzaa baba, pale kijijini Tulia alikuwa na kitete cha uji ambacho hakuna mtu aliruhusiwa kukiosha isipokuwa yeye. Kilikuwa kibuyu cheusi kwa moshi, shingo nyembamba, na tumboni kilikuwa kimeshonwa kama mtu aliyetoka hospitali. Kilipasuka siku beberu alipoingia jikoni akifuata maganda ya viazi. Sisi watoto tulifikiri atakitupa. Hakukitupa. Alikiweka kivulini, akakifunika gunia bichi, akakiacha. Akipita anakiinamia, anakitazama kama mgonjwa, anaenda zake. Halafu siku moja akachukua sindano ya kushonea magunia, akaitia motoni mpaka ikawa nyekundu, na kabla ya kushona chochote akatoboa tundu dogo huku mwisho wa ufa, na jingine kule mwisho wa pili.

Tukamwuliza, "Susu, kwani unaongeza mashimo?"

Akasema, "Ufa una njaa. Usipouwekea mpaka utakula kitete chote."

Ndipo akashona kwa katani, akaziba kwa nta ya nyuki, na tukanywa uji ndani yake mpaka nikatoka nyumbani.

Nilitoka mapema. Shule sikukaa nayo, mbuzi waliniita. Nilikuwa nanunua mbuzi huko Tseikuru, nawaleta chini sokoni, na miaka ile ya Tseikuru hukumbuki kitete wala uji, unakumbuka maji tu. Huko niliuziwa mbuzi na watu wa kaskazini, Waislamu, watu wa neno moja. Mmoja aliniambia, "Mkamba, wewe unaongea sana, mbuzi wangu wamechoka." Ilikuwa kweli. Mpaka leo ni kweli. Sasa nimezeeka, kijana wangu amenikatia kipande cha shamba karibu na Mto Athi, upande huu wa Kitui, na ng'ambo ile unaiona Makueni kama unavyoona boma la jirani. Kitete cha Susu nilikuwa nimekisahau kabisa.

Mpaka siku niliyomkuta mzee mmoja amechuchumaa kando ya boti iliyopinduliwa, ameshika spoku ya baiskeli iliyokuwa nyekundu kwa moto, anatoboa tundu mwisho wa ufa.

Nilisimama pale. Moshi mdogo ukatoka kwa mbao, na mimi nikasikia harufu ya jikoni Tulia.

Lakini hapo nimeanzia katikati. Yule mzee nilikuwa namjua miaka mingi kabla ya siku hiyo, na ile boti ilipasuka mimi nikiwa karibu. Leo iko ng'ambo, upande wa Makueni, juu ya jiwe bapa, imefungwa kwa mkuyu. Watu wamekuja kwangu mara nyingi wakitaka kwenda kuivuta. Nakataa. Nitaeleza kwa nini, lakini mnivumilie, maana mimi nikisimulia huenda kama mbuzi, nauma hapa kidogo, nauma pale kidogo.

Tulimwita Kapteni. Ilianza kama mzaha, kwa sababu bahari iko mbali na sisi, na hapa kwetu mtu akisema boti watu hucheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alilichukua jina kama mtu anavyopokea shati la mtumba, likamkaa. Alikuwa mrefu, mabega yameanguka mbele kwa kusukuma, na miguuni daima alivaa gambuti. Hata kiangazi, ardhi ikipasuka, Kapteni yuko na gambuti. Mke wangu alimwuliza, "Kapteni, hizo gambuti unangoja nini?" Akajibu, "Zinangoja mvua. Mimi nazisindikiza tu."

Hakujua kuogelea. Hili nililigundua siku kofia yake ilipoanguka ndani ya maji, mahali ambapo maji hayafiki kiunoni, na yeye akakaa akiitazama inakwenda. Nikamwambia, "Si uruke uichukue?" Akasema, "Niruke niende wapi? Mimi na maji tuna mpaka. Boti ndiyo mpaka." Na samaki hakula. Watu wa mabwawa ya juu walimletea kambare siku moja kama zawadi, mkubwa kama mtoto, akawashukuru, akampa mwenye duka. Alisema mtu hawezi kula kitu kilichomwangalia miguu kutwa nzima. Kwa hivyo hebu ona: kapteni asiyeogelea, asiyekula samaki, na aliyeogopa mamba kuliko wanawake wanaofua.

Ile boti alikuwa ameitoa huko huko kwa wavuvi wa mabwawa, ikaletwa na lori la mchanga lililokuwa linarudi tupu. Ya mbao, pana, rangi ya buluu iliyokuwa imechoka. Mvua zikinyesha na mto ukijaa, yeye ndiye alikuwa njia. Mama wa kwenda kliniki, mbuzi wa mnada, godoro la bibi arusi, wote alivusha. Alisimama nyuma na mti wake mrefu wa kusukumia, hasemi kitu, na sisi tunaongea mpaka ng'ambo. Kiangazi, maji yakibaki uzi mwembamba watu wanavuka wamekunja suruali, boti ilikaa juu ya mchanga na yeye alikaa ndani yake. Ndiyo, ndani, kwenye mchanga mkavu. Ukipita anakusalimia, unamsalimia. Vijana wa kuchimba mchanga walimpigia kelele, "Kapteni, tumefika Mombasa?" Akasema, "Bado. Shukeni msukume."

Ukimtazama kwa mbali, yule mtu mmoja ndani ya boti, pande zote mchanga mtupu, ulikuwa unataka kwenda kukaa naye. Ukienda, hakuna cha kuongea. Unakaa, unatazama ng'ambo kama yeye anavyotazama, halafu unasema basi, jua ni kali, unaondoka. Hakuna aliyekaa sana. Hata mimi ninayeongea na mbuzi.

Maneno yake yalikuwa machache, na nitasema ukweli, hayakuwa machache kwa sababu ya busara. Watu wanapenda kufikiri mtu anayenyamaza ameficha asali. Kapteni alinyamaza kwa sababu aliona kueleza ni kazi ya watu wengine. Alisema neno moja, na kama hukulielewa, hilo ni lako. Tabia hiyo ndiyo iliyomgharimu.

Kitu kimoja kilikuwa kinatushangaza. Ng'ambo hakukanyaga. Boti ikigusa Makueni, watu wanashuka, mizigo inashuka, yeye anabaki amesimama ndani. Akihitaji kusaidia mama mwenye mtoto anaweka mguu mmoja majini, mwingine uko ndani ya boti. Walimkaribisha chai huko, walimkaribisha arusini, akasema, "Mto utaniacha." Sisi tukasema ni maringo. Shemasi wetu alisema ni deni. Shemasi, huyu ni mzee wa kanisa letu, mtu mwema, mnene kidogo, sauti kubwa, akiona shida hawezi kuipita bila kuishika. Alisema, "Mtu haogopi ng'ambo bure. Huko kuna mtu anamdai."

Na kitu kingine. Ukiwa na msiba, hukupanga foleni. Kama mtu amekufa ng'ambo na wewe unakwenda kumzika, Kapteni aliwashusha wote, hata wenye haraka ya hospitali wakinung'unika, akakuvusha wewe kwanza. Hakuuliza marehemu ni nani. Alisema tu, "Aliye na maiti apande."

Sasa niseme ilivyokwama.

Mvua zilikuwa zinaisha, mto unashuka, ule wakati mbaya ambapo maji si mengi ya kukubeba wala si machache ya kukuacha utembee. Malori ya mchanga yalikuwa yamefanya kazi kiangazi chote pale kwenye mkunjo wa mto. Vijana walimwambia, "Kapteni, hapo tumetoa mchanga, mawe yameota meno. Pita juu." Akasema, "Huu mto naujua." Alikuwa anaujua, lakini kwa mchanga wake, na mchanga ulikuwa umekwenda Nairobi kujenga magorofa. Tulikuwa ndani mimi, Shemasi, na akina mama wa kanisa waliokuwa wanarudi kutoka ng'ambo na masufuria ya sherehe. Boti ikasema kwaa. Sote tukaenda mbele. Shemasi akaangukia mama mmoja na sufuria lake.

"Shemasi! Una mke nyumbani!"

"Nisamehe, mama, ni mto."

"Mto umenishika shingo?"

Tulicheka wote isipokuwa mmoja. Kapteni alikuwa amepiga magoti. Jiwe lilikuwa limepanda kwenye ubao wa chini kama ngumi ya mtu anayebisha hodi. Akazungusha kiganja kulizunguka, taratibu. Maji yaliyoingia yalikuwa machozi tu. Akasema, "Shukeni polepole. Shikaneni mikono." Tukashuka, maji yako kiunoni, tukatoka upande wetu tumeshikana kama watoto wa nasari. Yeye akatoka wa mwisho. Boti ikabaki pale katikati imekaa juu ya jiwe, imenyooka kabisa, ungefikiri imepumzika.

Akamgeukia Shemasi. "Msiitoe kwa jiwe mpaka nirudi."

"Sawa, Kapteni. Enda na Mungu."

Ni hayo tu. Akaniambia mimi nimsindikize kwa mzee wa mizinga ya nyuki nyuma ya kilima, tutafute nta na bati. Njiani nikamwuliza, kwa sababu mimi huuliza, "Kwa nini tusiivute kwanza?" Akasema, "Jiwe lililotoboa ndilo linaziba. Ukilitoa kabla hujawa na cha kuweka, umefungua mlango." Alitaka kuirekebisha palepale, atie kiraka kwa ndani jiwe likiwa bado limeshika, kisha aiinue polepole maji yakishuka zaidi. Neno lile alinipa mimi, njiani, ambapo halikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Maana hebu fikiri uko mahali pa Shemasi. Mzee anayeishi peke yake, kitu chake kimebaki katikati ya mto wa mamba. Huko juu, upande wa Machakos, mawingu yanajenga. Kwetu, ukipita hapo ukaenda nyumbani kula, wewe ni mtu gani? Shemasi alipiga filimbi. Kwetu tuna mwethya, ile kazi ya kusaidiana, ambapo mtu akiwa na shamba la kulima au nyumba ya kusimamisha, kijiji kinakuja chote na majembe na nyimbo, na mwenye kazi anapika. Hungoji kuitwa mara mbili. Walikuja kutoka mashambani, kutoka dukani, vijana wa mchanga wakaleta kamba za lori.

Sisi tulikuwa tunarudi, nta imefungwa kwa jani la mgomba, na tulisikia nyimbo kabla ya kuuona mto. Nyimbo za kanisa, sauti nyingi, zinapanda na kushuka. Kapteni akasimama katikati ya njia. Akavua kofia. Nilishangaa. Nilifikiri amechoka kilima. Alisimama hivyo, kofia kifuani, mpaka wimbo ukaisha na watu wakapiga vigelegele. Halafu akavaa kofia akashuka.

Boti ilikuwa ufukweni. Watu wamelowa, wanang'aa, wanacheka. Shemasi suruali imeshuka, mikono imekatwa na kamba, akaja amenyoosha yote miwili.

"Kapteni! Tumekuokolea!"

Kapteni akaizunguka boti. Alipofika upande wa pili aliinama kidogo, nikamwona bega moja likishuka. Mimi nilikuwa nimeona tayari. Jiwe lilikuwa limeshika, wao wamevuta, na ubao umechanika kutoka kwenye tundu mpaka karibu na pua ya boti, kama mtu anavyochana leso.

Akarudi mbele. Akasema, "Asanteni. Kaeni. Mtakula."

Kwa sababu mwethya ni mwethya. Waliokufanyia kazi lazima walishwe. Alikuwa na jogoo mmoja aliyekuwa anamwamsha, akamkamata. Alikuwa na mahindi na maharagwe, akaweka sufuria ya isyo motoni. Wanawake wakataka kupika, akawaambia, "Nyinyi mmefanya kazi." Akapika mwenyewe, akagawa mwenyewe, sahani hazitoshi watu wakala kwa majani. Na walikuwa na njaa kweli, walikula kwa furaha ya mtu aliyetenda mema.

Ilikuwa yule yule mama wa sufuria aliyekwenda nyuma ya boti kukamua leso. Tukamsikia. "Ai! Hii imepasuka!"

Watu vinywa vimejaa. Wengine wakaenda kuona, wakarudi wakitazama chini. Shemasi akaweka sahani kando, polepole, kama kitu cha moto.

Kapteni akasema, "Kula, Shemasi. Chakula cha mwethya hakiachwi."

Shemasi akala. Sijawahi kuona mtu akila hivyo, machozi yanashuka na anatafuna.

Jioni ile nyumbani nilimwambia mke wangu ni dhambi waliyoifanya. Yeye ni mtu wa kukata. "Dhambi ya nani? Maneno mawili tu angesema. Jiwe limeziba. Ni maneno mawili. Mdomo wake una kufuli, halafu anapika jogoo ili nyinyi wote mjisikie vibaya."

"Hakupika kwa ubaya."

"Sijasema kwa ubaya. Nimesema angesema."

Na hapo ndipo akaniambia jambo ambalo wanawake wa huku walikuwa wanalijua tangu zamani na wanaume hatukujua. Kapteni alikuwa na mke, mtoto wa watu wa Makueni, kwao ni pale juu tu, mwendo mfupi kutoka mtoni. Huyo mke alikwenda kusalimia wazazi wake mvua zikiwa kubwa, akaugua, akafa. Mto ulikuwa umejaa mpaka kwenye miti. Wakati huo hapakuwa na boti. Mwili haungeweza kuletwa, na yeye hangeweza kwenda. Wakangoja, wakangoja, mwishowe wakamzika kwao. Sasa mke aliyeolewa kuzikwa kwa baba yake, kwetu hilo si jambo dogo. Ni kama kusema hakuolewa. Na Kapteni alisimama upande huu akasikia nyimbo za mazishi ya mke wake zinavuka juu ya maji.

"Ndiyo akatafuta boti," mke wangu akasema. "Imekuja imechelewa. Lakini akasema hakuna mwingine atasimama pale."

Nilikumbuka kofia yake kifuani. Sikulala vizuri.

Baada ya hapo kikaja kitu ambacho sikukitarajia. Watu hawakumkasirikia na yeye hakuwakasirikia. Lakini waliona aibu, na aibu ina miguu. Njia ya kwenda mtoni ilipita mbele ya nyumba yake, watu wakaanza kupita nyuma, kwa miiba. Akina mama waliokuwa wanamwachia mboga wakaacha, hawajui waseme nini wakifika. Vijana wa mchanga hawakumwuliza tena kama wamefika Mombasa. Shemasi alinipa misumari nimpelekee, akanipa ubao, akaniambia, "Mwulize kama tunaweza kuja. Kwa mwethya, kuitengeneza."

Nikapeleka. Kapteni akachukua misumari, ubao akauegemeza ukutani. "Aiee, hapana. Nitaitengeneza mwenyewe."

"Watu wana uchungu, Kapteni."

"Najua. Waambie sina neno."

"Si uwaambie mwenyewe?"

Akanitazama kama mtu niliyemwomba aimbe. Basi nikawaambia mimi, lakini msamaha ukipelekwa na mtu wa mbuzi haufiki wote.

Akabaki peke yake kweli. Awali alikuwa peke yake kama mtu aliyekaa kando ya barabara, watu wanapita. Sasa barabara yenyewe ilikuwa imehama. Na mvua zijazo zilikuwa zinakuja, na kama boti haitakuwa majini, kuna mtu angesimama pale kwenye mchanga akasikiliza. Hilo ndilo lilikuwa linamla. Hakuliambia mtu, lakini kila asubuhi alitazama juu mtoni.

Boti kwanza aliifunika magunia aliyoyalowesha, akaiacha kivulini mpaka ubao ukatulia. Kisha ndiyo siku ile niliyomkuta na spoku ya moto. Nikamsimulia juu ya Susu na kitete. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu wengi hawalifanyi nikisimulia. Akasema, "Alikuwa na mkono mzuri." Kutoka kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Ubao wa Shemasi hakuutumia. Alipasua mzinga wake wa zamani wa mukau, ule mti mchwa hawaupendi, akauchonga ubao wa kupigia kwa ndani. Mimi nilishika mwisho mmoja, yeye akapiga msumari. Ufa akaujaza katani iliyochovywa kwa nta na mafuta ya kondoo, akaisukumiza kwa kisu butu, kidogo kidogo, siku zikapita. Juu akalaza bati la debe la mafuta ya kupikia, akalipigilia. Siku alipomaliza hakuipeleka mtoni. Akachota maji kwa ndoo, akaijaza yenyewe ndani kama birika, akakaa kando kuona itavuja wapi. Ikavuja kwenye kona moja, akaziba. Akaijaza tena. Mwenye duka alipita mbali na punda, akasimama, akatazama mzee aliyejaza boti maji kwenye nchi kavu, akapunga mkono. Kapteni akapunga. Nafikiri ndiyo salamu pekee aliyoipata juma lile, na mimi namheshimu mwenye duka huyo hadi leo.

Mvua zikaja. Mto ukawa mwekundu, unabeba magogo. Mimi nilikuwa nyumbani naongea na mke wangu mambo ya paa. Tukamwona amesimama langoni. Kapteni hakuwahi kuja kwangu hata siku moja. Mke wangu akafuta kiti, yeye akakataa kwa mkono.

"Njoo tuvuke," akaniambia.

Mke wangu akasema, "Ng'ambo kuna nini, Kapteni?"

"Nataka uzito wa mtu."

"Uzito huo ni wa mume wangu. Hajui kuogelea."

"Hata mimi," Kapteni akasema. Na mke wangu, naapa, akacheka, akaniletea koti.

Ufukweni alikuwa ameishusha tayari. Kwa mbali, kwenye miiba, niliwaona watu wamesimama, Shemasi mbele yao, hawakaribii. Walikuwa wanajua leo anaijaribu boti. Hakuna aliyeimba. Kapteni aliweka panga lake chini ya kiti, akavaa kofia vizuri, akasukuma.

Nilikaa na macho yangu kwenye lile bati. Katikati ya mto maji yalitushika, boti ikalia, ile sauti ya mbao inayojikumbuka. Tone moja likatoka kwenye mshono. Likakaa pale kama jicho. Kapteni akalifuta kwa kidole gumba, hakutokea jingine. Aliniambia tu, "Usiegemee." Gogo likapita karibu, akalisukuma kwa mti wake kama mtu anayemwambia ng'ombe asogee. Alipita juu, mbali na mkunjo. Nilipogeuka nyuma niliona Shemasi amevua kofia yake.

Ng'ambo kuna jiwe bapa kando ya mkuyu, maji yakipanda linabaki chini kidogo tu. Aliipandisha boti juu yake polepole, bila sauti, mpaka ikakaa imenyooka. Akafunga kamba kwa mkuyu. Akaweka kiganja chake ndani, juu ya bati, akasubiri. Lilikuwa kavu. Nilimwambia, "Imeshika, Kapteni!" Nilipiga kelele ili watu wa ng'ambo wasikie, na nafikiri walisikia, kwa sababu kigelegele kimoja kilivuka, kidogo sana, kikakatika.

Yeye hakugeuka. Alikuwa anatazama njia ile inayopanda kwenye vichaka. Alichukua panga. Akaweka mguu mmoja kwenye jiwe, mwingine ukabaki ndani ya boti, kama kawaida yake, na nikangoja aurudishe. Akautoa na huo wa pili. Akasimama Makueni na gambuti zake mbili.

"Usiitoe kwa jiwe mpaka nirudi," akasema.

"Sawa, Kapteni."

Alipanda ile njia. Tope lilikuwa linashika gambuti, kila hatua analivuta, hana haraka. Niliwaza nimwulize anakwenda kukata nyasi kwenye kaburi la mke wake kisha iweje, saa ngapi anarudi, nimngoje wapi. Mimi ninayeuliza kila kitu. Sikuuliza, na mpaka leo namngoja; mimi nilirudi kwetu kwa miguu mto uliposhuka. Kofia ilionekana juu ya vichaka kidogo, ikaonekana tena mbele zaidi, halafu vichaka vikafunga, na mimi nikabaki nimeishika kamba.